SAMAKI KUFA ALFAJIRI: SI SUMU, NI HEWA

Siku moja asubuhi hapa Kanazi nilikuta sato wangu karibu wote wanaelea, wamekufa. Nikamvaa jirani, eti kaniwekea sumu bwawani. Kumbe muuaji ni mimi mwenyewe na pumba zangu.

Iko hivi. Ule ukijani wa majini ni mimea midogo sana. Mchana juani inatoa oksijeni, usiku inaivuta hiyohiyo. Na pumba zilizobaki zikioza chini, nazo zinamaliza hewa. Ikifika alfajiri samaki hana pa kupumulia. Ukiwaona wako juu wanahema, acha kulisha, toa maji ya chini, ingiza mapya.

Ila ukijani sio uchafu, sato wanaula. Ubaya ni ukizidi. Pima hivi: nyoosha mkono, uzamishe taratibu. Kiganja kikipotea kabla maji hayajafika kwenye kiwiko, usiweke samadi. Kama maji yamefika kiwiko na bado unakiona vizuri, ongeza samadi kidogo.

Mengine:
- Lisha jua likishatoka, kiasi wanachomaliza kwa dakika 10 hadi 15.
- Majani makavu ya migomba yakidondokea ndani, yatoe.
- Chimba mtaro upande wa juu, mvua isilete tope.
- Maji ya bomba yenye klorini yaache kwenye pipa wazi siku moja kwanza.

Jirani nilishamwomba radhi, na mbegu mpya ya sato nimepandikiza. Nawe bwawa lako vipi? Tupe uzoefu hapo chini.