Kitondo cha Kihispania kwa Wanafunzi wa Homa Bay na Migori

Mwanafunzi wa Homa Bay au Migori anayeanza Kihispania hukwama mapema kwenye me, te, le, nos, os na les. Hivi ni viwakilishi vya shamirisho kitondo, yaani anayepewa au anayetendewa jambo. Akifundishwa kwa kupitia Kiingereza, somo huonekana geni. Akianzia kwenye lugha za nyumbani, atakuta sehemu kubwa anaijua tayari.

Chukua Kiswahili. Husema, "Nimempa mama kitabu." Mama ametajwa, na bado -m- haiondoki, "nimepa mama kitabu" si sanifu. Kihispania nacho husema Le doy el libro a mi madre, "Nampa mama kitabu". Le ndiyo -m- yetu. Kiingereza hakirudii mpokeaji namna hii, ndiyo maana anayetafsiri kutoka huko huisahau le.

Kazi ngumu zaidi ni kutenganisha lo na le. Hapa Kiswahili hakitoshi: "mlete" na "mletee" zote zina -m- ileile, na tofauti imo katika mnyambuliko wa kitenzi. Dholuo huiweka kwenye kiwakilishi chenyewe. Kela ni "nilete", kelna rech ni "niletee samaki". Kele ni "mlete", kelne ni "mletee". Ile n humtambulisha mtendewa. Kwa hiyo tráelo ni kele, na tráele ni kelne. Tahadhari moja: Kihispania hutenganisha hivi katika nafsi ya tatu tu. Tráeme hubeba maana ya kela na ya kelna pia.

Kisha kuna viwakilishi viwili kwa pamoja. Kiswahili hukubali kimoja tu kabla ya mzizi wa kitenzi, hatusemi "nimekimpa". Kikuria, lugha ya Kehancha na Isebania, huruhusu zaidi ya kimoja. Kihispania pia huviunganisha, mtendewa akitangulia: me lo da, "ananipa hicho". Le ikikutana na lo hugeuka se: se lo doy, "nampa hicho".

Nawasihi walimu waandike ubaoni sentensi moja kwa Kiswahili, Dholuo na Kikuria kabla ya kuiandika kwa Kihispania, kisha wawaulize wanafunzi: anayepewa ameonyeshwa wapi? Darasa lenye wasemaji wa lugha hizi tatu lina majibu ambayo kitabu kilichoandikiwa Waingereza hakiwezi kuyatoa.