Neno la Mfuko wa Mbegu

Chukua mfuko wa mbegu bora za mahindi. Huenda ukakuta juu yake neno la Kiingereza "treated". Hutamkwa "tritedi".

Mwanao anayesoma shule atakuambia maana yake ni kutibiwa. Hakukosea. Mgonjwa aliyepewa dawa na daktari ametibiwa, na Waingereza hutumia neno hilo. Hata ukimnunulia rafiki yako soda, wao hutumia neno hilo hilo. Lakini mbegu haiumwi, wala hainywi soda! Kwenye mfuko, maana yake ni kwamba mbegu zimepakwa dawa ya kuua wadudu au ukungu. Dawa hiyo ni sumu. Mbegu hizo ni za kupanda tu.

Mwaka 1971 wakulima wa Iraki walipewa mbegu za ngano na shayiri zilizopakwa dawa yenye zebaki. Mifuko iliandikwa Kiingereza na Kihispania. Wengi hawakuzijua lugha hizo. Mbegu zilitiwa rangi ili kuonyesha hatari. Watu waliziosha, rangi ikatoka, wakadhani na sumu imetoka. Wakasaga, wakaoka mikate. Ugonjwa ulikuja baada ya wiki kadhaa. Watu 6,530 walilazwa hospitali, na 459 kati yao walikufa.

Kwa hiyo, ukibakiwa na mbegu za rangi, usizioshe ukapika. Usiwape kuku. Na mfuko ukiwa mtupu, usitie unga ndani yake.