Lipodistrofia ya VVU na mikroRNA

Lipodistrofia ya VVU ni hali ya mafuta ya mwili kupungua au kujilimbikiza pasipo kawaida kwa mtu anayeishi na virusi vya UKIMWI, hasa aliyetumia baadhi ya dawa za zamani za kufubaza virusi (ARV). Mafuta ya chini ya ngozi hupungua usoni, mikononi, miguuni na makalioni, huku mengine yakiongezeka tumboni au nyuma ya shingo.

Nchini Tanzania mpango wa taifa wa kutoa ARV ulianza mwaka 2004. Wagonjwa wengi walipewa stavudini pamoja na lamivudini na nevirapini. Dawa hizo zilikuwa za bei nafuu na ziliokoa maisha, lakini baadaye mashavu ya baadhi yao yalibonyea na mishipa ya miguu ikajitokeza. Kwa mtu aliyetunza siri yake kijijini, hilo halikuwa jambo dogo. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilizishauri nchi ziachane na stavudini hatua kwa hatua.

Stavudini hudhuru mitokondria za seli za mafuta. Pamoja na hayo, ukuaji wa seli hizo huvurugika. Seli changa hukomaa na kuhifadhi mafuta ikiwa protini iitwayo PPAR-gama inafanya kazi. Hapo ndipo mikroRNA zinapoingia. Hizi ni vipande vifupi vya RNA, vyenye takriban nyukleotidi 22, ambavyo havitengenezi protini, bali hushika RNA inayobeba maagizo ya jeni na kuizuia isisomwe. (Ya kwanza iligunduliwa katika mnyoo mdogo mwaka 1993, Victor Ambros na Gary Ruvkun walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2024.) miR-27 hupunguza PPAR-gama, hivyo huzuia seli kukomaa, miR-143 husaidia ukomavu.

MikroRNA nyingi hukatwa na kimeng'enya kiitwacho Dicer. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba Dicer ilikuwa imepungua katika mafuta ya wagonjwa wenye lipodistrofia ya VVU. Panya walioondolewa Dicer katika seli za mafuta walipoteza mafuta meupe. Kwa binadamu matokeo hayo yanaonyesha uhusiano tu: Dicer inaweza kupungua kutokana na dawa, virusi au ugonjwa wenyewe.

Kuacha ARV si tiba ya hali hii. Daktari hubadilisha dawa. Hata hivyo mafuta yaliyopotea hurudi polepole, na mara nyingi si yote.