Vita vya Kagera kwa Miguu ya Askari

Vita vya Kagera viliigharimu Tanzania maisha ya wanajeshi 373. Ukiichambua hesabu hiyo utakuta kwamba waliouawa katika mapigano walikuwa 96. Waliobaki, karibu watatu katika kila wanne, walifia vitani bila kuuawa na adui.

Mtu aliyevijua vita kwa sinema hushangaa, kwa kuwa anadhani askari hufa kwa risasi tu. Aliyewahi kuvaa buti hashangai. Anajua maana ya kusafiri usiku ndani ya lori lisilowasha taa, katika barabara ya utelezi, pamoja na wenzake ambao hawajalala na maboksi ya risasi. Anajua pia malaria, maji machafu, na bunduki iliyojaa risasi mikononi mwa kijana aliyeanza kuishika juzi. Hayo yote ni vita, ingawa hayachorwi kwenye ramani.

Hadithi ya ramani tunaifahamu. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin, mtawala wa Uganda, yalivuka mpaka. Tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kuwa ardhi yote ya Tanzania iliyo kaskazini ya Mto Kagera sasa ni ya Uganda. Kesho yake Rais wa Tanzania, Mwalimu Nyerere, akalihutubia taifa, na maneno yake kuhusu uwezo, sababu na nia yakashika vichwani mwa watu hadi leo. Baada ya hapo simulizi huruka: Mutukula, Masaka, Kampala, ushindi. Kati ya jina moja na jingine kuna wiki nzima za maisha ya watu, na askari alizipitia wiki hizo bila kujua jina linalofuata.

Kwanza, huyo askari alikuwa nani? Kabla ya vita Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) lilikuwa na watu wapatao 40,000. Ilipofika wakati wa kuingia Uganda, jeshi lilikwishavuka 100,000, kwa kuongezewa vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), polisi, askari magereza na mgambo. Mgambo wengi walikuwa wakulima wa vijijini waliofundishwa kwata na kulenga shabaha, kisha wakapandishwa malori na mabasi yaliyokusanywa kutoka idara za serikali, mashirika na watu binafsi. Kwa wengi wao Kagera ilikuwa mbali kama nchi ya kigeni. Mtu wa kusini aliyezoea mikorosho alijikuta analala chini ya migomba ya Wahaya, katika baridi ya mvua za vuli, bila kuambiwa atakaa hapo siku ngapi.

Alikaa sana. Daraja la Kyaka, juu ya Mto Kagera, lilikuwa limelipuliwa na majeshi ya Amin. Wahandisi wa jeshi wakatandika jingine la vyuma, na katikati ya Novemba vikosi vilianza kuvuka mto. Adui alikwisha kurudi nyuma. Walichokuta ng'ambo ni nyumba tupu, mifugo iliyoswagwa kupelekwa Uganda, na maiti. Raia wapatao 1,500 walikuwa wameuawa. Makamanda wanaweza kueleza shabaha za vita kwa lugha ya sheria na mipaka, lakini askari aliyepita katika vijiji vile alipata sababu yake mwenyewe ya kupigana.

Sababu hiyo ilikuwa na upande wake wa giza, na hatuna haja ya kuuficha. Mutukula, mji wa mpakani, ilipotekwa Januari 1979, askari waliibomoa kwa matingatinga, na raia wasio na hatia waliuawa. Mwalimu alipopata habari alikasirika, akaamuru raia na mali zao wasiguswe. Hata hivyo, Masaka na Mbarara zilipoangukia mikononi mwa Watanzania mwezi uliofuata, majengo mengi yalilipuliwa kulipiza kisasi cha Kagera. Nidhamu ya jeshi hupimwa hapo zaidi kuliko kwenye gwaride. Mtu amepewa silaha, ameona maiti za wenziwe, ana hasira, na hakuna anayemwona isipokuwa wenzake. Amri ya Amiri Jeshi Mkuu haina budi kusafiri kutoka Dar es Salaam mpaka ndani ya kichwa cha mtu huyo, na njia hiyo ni ndefu kuliko ile ya kwenda Kampala.

Tuihesabu basi hiyo njia ya Kampala. Kutoka Mutukula hadi Masaka ni kilomita 90 hivi, na kutoka Masaka hadi Kampala ni 130. Mutukula ilitekwa tarehe 21 Januari. Kampala ikaanguka 11 Aprili. Hizo ni siku 80 kwa kilomita zipatazo 220, yaani wastani usiofika kilomita tatu kwa siku. Wengi walikwenda kwa miguu wakiwa na bunduki, risasi, chakula na chepeo. Siku zilizozidi zilikwenda wapi? Zilikwenda kwenye kuchimba mahandaki, kungojea risasi na mafuta, kulinda daraja, kufua soksi, kusafisha silaha ambayo haijatumika, kusikiliza redio, na kungojea amri. Kisha usiku mmoja amri inakuja, na kila kitu kinatokea kwa saa chache.

Usiku wa namna hiyo ulifika Lukaya tarehe 10 Machi. Hapo barabara ya Masaka kwenda Kampala inapita katikati ya kinamasi, na atembeaye juu yake hana pa kujificha. Brigedi ya 201, ambayo sehemu kubwa ilikuwa ya mgambo, ilikutana na kikosi cha Libya kilichotumwa na Gaddafi kumwokoa Amin. Walibya wakafyatua makombora ya Katyusha. Mengi yalipita juu ya vichwa na kuangukia mbali, lakini kishindo kilitosha: safu zikavunjika, watu wakakimbia gizani.

Kumwita mtu huyo mwoga ni rahisi kwa aliyelala kitandani. Watanzania nao walikuwa na mizinga ya aina hiyohiyo, ile iliyopewa jina la Saba Saba, na ngurumo yake ilikwisha kuwatimua askari wa Amin mara nyingi. Hofu haichagui sare. Tena upande wa pili wa barabara, kati ya Walibya, walikuwamo pia wanamgambo wasio na uzoefu. Raia wawili waliofundishwa haraka walikutana usiku katika nchi isiyo ya yeyote kati yao.

Kilichoipa Lukaya maana yake ni asubuhi. Waliokimbia walikusanywa, wakapangwa upya na kurudishwa mbele, wakati Brigedi ya 208 ilipozunguka na kutokea ubavuni mwa adui. Siku ya tarehe 11 Walibya walishindwa vibaya, na njia ya Kampala ikafunguka. Ushujaa wa siku ile ulikuwa wa watu waliojua jinsi walivyoogopa jana, na wakarudi palepale.

Walirudi kwa sababu ya nani? Siasa ina nafasi yake, lakini mtu aliye ndani ya handaki hutazama kwanza aliye kulia na kushoto kwake, kisha kamanda wake. Ndiyo maana majina ya makamanda yaligeuka kuwa mali ya askari. David Musuguri aliitwa Jenerali Mutukula, Silas Mayunga akawa Mti Mkavu, John Walden akajulikana kama Black Mamba. Askari hampi jina la utani mkubwa asiyemwona, na kamanda anayeonekana njiani ana uzito kuliko waraka.

Vita havikuisha Kampala. Wananchi wa Uganda waliwapokea kwa vigelegele, lakini kwa askari furaha hiyo ilikuwa kituo tu, kwa maana mpaka wa Sudan ulifikiwa Juni 1979, na wanajeshi wa mwisho waliondoka Uganda mwaka 1981. Huko nyumbani wananchi walikwisha kuombwa wafunge mikanda kwa miezi 18. Mgambo aliyerudi kijijini alipokewa kwa ngoma, halafu akapanga foleni ya sukari na sabuni kama jirani yake ambaye hakwenda. Malipo ya kumshinda nduli Amin yalikuwa yameanza, na yeye aliyalipa mara ya pili.

Kila tarehe 25 Julai tunawakumbuka mashujaa kwa mkuki, ngao na shada la maua. Heshima hiyo inastahili. Ila mtoto anayetazama sherehe ile afundishwe pia kwamba aliyegongwa na lori usiku karibu na Kyaka, na aliyekufa kwa homa akingojea amri, waliitika mwito uleule na aliyeanguka kwa risasi. Nchi iliwatuma wote kwa pamoja, na deni lake kwao ni moja.