Je, Ulimwengu Ulitoa Mapovu?

Simama karibu na mama wakati anaweka maji ya bukari kwenye moto. Kwanza maji yanatulia. Kisha povu moja linatokea chini ya sufuria, lingine pembeni, yanapanda, yanagongana, na unasikia kelele. Sasa kumbuka chupa ya mafuta ya ngazi mu mwezi wa 6, wakati wa baridi yetu. Nayo inageuka, lakini polepole, bila povu, bila kelele. Asubuhi unakuta tu yameganda.

Wenye elimu ya fizika wanauliza: ulimwengu ulipokuwa mutoto, uligeuka kama maji ao kama mafuta? (Maji yanageuka kwa kupata moto, ulimwengu uligeuka kwa kupoa. Tusigombane juu ya hiyo.)

Ulimwengu una miaka karibu miliari 13,8. Mwanzoni ulikuwa moto sana, na ulivyozidi kupanuka ulizidi kupoa. Kata sekunde moja vipande miliari 100: mu kipande cha kwanza tu, joto lingali zaidi ya digrii milioni ya miliari, chembe ndogo kabisa kama elektroni zilipata uzito ambao mbele hazikuwa nao. Musizarau jambo hili. Elektroni bila uzito haikai ndani ya atomu; pasipo atomu hakuna mukuba mu udongo wetu, wala mutu wa kuuchimba.

Kama mapovu yalikuwako siku ile, yalipanuka kwa mbio ya kutisha, yakagongana, na mugongano ukatikisa anga lenyewe. Mutikisiko huo njo mawimbi ya uvutano. Ninyi munaokaa karibu na machimbo munaelewa: wanapasua mwamba kwa baruti, hauoni kitu, lakini sahani zinalia ndani ya kabati. Mwangaza hauwezi kutuletea habari zile, kwa sababu ulimwengu ulikuwa kama ukungu muzito kwa miaka karibu 380.000. Mawimbi haya yanapita mu ukungu bila kuzuiwa.

Einstein aliyaandika mwaka 1916. Tarehe 14 mwezi wa 9, 2015, mashini mbili za Marekani zinazoitwa LIGO, zenye mikono ya kilometa 4, ziliyapata mara ya kwanza. Lakini yale yalitoka kwa mashimo meusi mawili yaliyogongana. Mawimbi ya mapovu yamevutwa pamoja na ulimwengu, na leo wimbi moja lingefika mamilioni ya kilometa. LIGO ni fupi mno. Kwa hiyo mwezi wa kwanza 2024 shirika la anga la Ulaya lilikubali kutengeneza LISA: vyombo vitatu vitakavyozunguka jua, kimoja mbali na kingine kilometa milioni 2,5. Vimepangwa kurushwa 2035.

Tangu chembe ya Higgs ilipopatikana CERN, karibu na Geneva, mwaka 2012, hesabu zinasema mafuta: chembe ile ni nzito kupita kiasi kwa mapovu. Wengine wangefunga kitabu hapo. Lakini mwanzoni vitu na kinyume chao vingetokea sawasawa na kumalizana. Kwa nini basi tumebaki? Mapovu yangesaidia kueleza. Vijana wa shule, shikeni hapa: LISA ikisikia mugongano ule, basi kuna chembe zingine ambazo hakuna mutu amekwisha kuziona. Ikinyamaza, upande wa mafuta utazidi kupata nguvu, na jibu la kwa nini tumebaki litatafutwa fasi ingine.