Pesa zikipungua, hesabu inasaidia PAM kupanga chakula

Mashariki mwa Kongo, watu wengi waliokimbia vita wanajua msaada wa PAM: unga wa mahindi, maharagi, mafuta ya kupikia na chumvi. Wasichokiona ni hesabu inayosaidia kuamua kiasi cha kila kitu, kinunuliwe wapi na kipite njia gani.

Hesabu hiyo inaitwa programu mstari. Inatafuta jibu bora, kwa mfano gharama ndogo kabisa, bila kuvunja masharti yaliyowekwa. Kwa chakula, sharti la kwanza ni nguvu: mashirika ya Umoja wa Mataifa huhesabu wastani wa kilokalori 2,100 kwa mtu kwa siku. Mafuta yana nguvu nyingi lakini hayana protini. Maharagi yana protini, lakini mara nyingi bei yake inapita ya unga. Ukipunguza kimoja, lazima uongeze kingine.

Mwaka 1945, Mmarekani George Stigler alikadiria kwamba mtu mzima angeweza kula mwaka mzima kwa dola 39.93, kwa bei za 1939. Mwaka 1947, George Dantzig alivumbua njia ya kupata jibu kamili. Masharti yote yakichorwa, yanafunga eneo lenye kona, na jibu bora hupatikana kwenye kona. Njia yake huhama kona hadi kona, gharama ikishuka. Jibu lilikuwa dola 39.69, baada ya wafanyakazi tisa kupiga hesabu kwa mashine za mezani. Leo kompyuta inamaliza kazi hiyo mara moja.

PAM ina programu yake, Optimus, na mwaka 2021 ilipata tuzo ya Franz Edelman kwa kazi hiyo.

Lakini chakula cha Stigler kilikuwa karibu unga wa ngano, maziwa ya kopo, kabichi, spinachi na maharagi makavu tu. Ndiyo maana wapangaji huongeza masharti mengine: watu wanapika nini, soko lina nini, barabara ipi inapitika. Barabara ikifungwa, hesabu inaanza upya.

Na pesa zikiwa chini ya gharama ndogo kabisa, kompyuta hujibu kwamba haiwezekani kutimiza masharti yote. Hapo, kuamua nani apunguziwe chakula kunabaki kazi ya watu.