Kabla Hujaleta Flashi Yako Kaunta: Neno kwa Watafiti wa Chuo Chetu

Tangu mwaka wa pili nafanya kazi za jioni kwenye steshenari moja nje ya geti. Bumu tunalijua wote, huisha kabla ya siku zake. Sasa nipo mwaka wa tatu, nasomea Ualimu, na nimeshasimama nyuma ya printa kwa misimu miwili ya kukabidhi tasnifu. Msimu huo ukifika, wateja wakubwa siyo sisi wa shahada ya kwanza. Ni dada na kaka zetu wa uzamili, wengi wao walimu walioacha vituo vyao vya kazi kuja kusoma, na karibu wote huja wamechelewa.

Ijumaa moja alikuja dada mmoja wa namna hiyo. "Mdogo wangu, nitolee kopi nne haraka, saa kumi ofisi inafungwa." Ilikuwa saa nane na nusu, muda ulikuwa unatosha kabisa. Tulipofungua faili lake la Word, Sura ya Nne iliyoandikwa ukurasa wa 61 kwenye yaliyomo ilikuwa imehamia ukurasa wa 64. Majedwali yalikuwa yamekatika katikati, na herufi za vichwa zilikuwa siyo zake. Tukaanza kurekebisha mstari kwa mstari. Alifika ofisini saa kumi na dakika ishirini, akakuta kufuli. Tiketi yake ya basi ilikuwa ya Jumamosi asubuhi. Ilibidi aikose, alale mjini hadi Jumatatu.

Dada yule hakuwa na kosa kwenye utafiti wake. Alikosa mambo madogo ambayo hakuna kozi inayoyafundisha. Nayaandika hapa kwa watu wa uzamili, lakini hata wewe wa mwaka wa tatu mwenye ripoti ya utafiti yanakuhusu.

Leta PDF, siyo Word

Faili la Word halibebi kila kitu. Linabeba maneno yako na jina la aina ya herufi uliyotumia. Kompyuta ya duka isipokuwa na herufi hizo, inaweka nyingine zinazofanana. Hizo zikiwa pana kidogo tu, mstari mmoja unasukumwa chini, kisha ukurasa mzima, na ukifika Sura ya Nne umeshapotea kurasa tatu. Toleo la Word likiwa tofauti na lako, hali inakuwa mbaya zaidi.

PDF kwa kawaida hubeba herufi zake ndani na kila ukurasa unabaki ulivyo. Tangu mwaka 2008 ni kiwango cha kimataifa cha ISO, kwa hiyo kompyuta yoyote ya maana inaifungua. Kabla ya kuitengeneza, fanya jambo moja: bonyeza Ctrl+A kisha F9 ili namba za kwenye yaliyomo zisasishwe. Hilo linafanya kazi kama yaliyomo yako yametengenezwa na Word yenyewe, siyo kwa kuchapa vidoti kwa mkono. Kisha hifadhi kama PDF, ifungue, upitie ukurasa mmoja mmoja. Unachokiona hapo ndicho kitakachotoka.

A4 na pambizo

Karatasi zetu ni A4, milimita 210 kwa 297. Laptopu nyingi zinakuja zimepangwa kwa karatasi ya Kimarekani inayoitwa Letter, ambayo ni pana kidogo na fupi zaidi, kama milimita 216 kwa 279. Ukiandika miezi sita kwenye Letter halafu ukabadilisha siku ya mwisho, kurasa zote zinahama. Badilisha leo, kabla hujaendelea na sura nyingine.

Pambizo la kushoto liwe pana kuliko mengine kwa sababu jalada gumu linakula upande huo. Kipimo chenyewe kipo kwenye mwongozo wa kurugenzi ya uzamili, usimuulize rafiki. Na ukiwa kaunta, mwambie anayeprinti achague ukubwa halisi. Printa nyingi zimewekwa kupunguza ukurasa ili uenee, na hapo pambizo ulizopima kwa rula zinabadilika bila wewe kujua.

Rangi inakula pesa

Duka letu tunatoza shilingi 100 kwa ukurasa wa nyeusi na 500 kwa wa rangi. Chukua tasnifu ya kurasa 140 ambayo kurasa 12 tu zina grafu au picha. Ukisema "printi yote kwa rangi," unalipa 70,000 kwa nakala moja. Ukitenganisha, kurasa 128 za nyeusi ni 12,800 na zile 12 za rangi ni 6,000, jumla 18,800. Tofauti ni 51,200. Kwa nakala nne ni 204,800. Hiyo ni nauli ya kurudi nyumbani na chenji.

Kwa hiyo njoo na kikaratasi chenye orodha ya namba za kurasa za rangi. Tahadhari: andika namba zinazoonekana kwenye PDF, siyo zilizochapwa chini ya ukurasa, kwa sababu zile kurasa za mwanzo za kirumi zinavuruga hesabu. Jambo lingine, grafu nyingi hazihitaji rangi. Mistari ya vidoti na mikato inasomeka vizuri tu kwa nyeusi.

Kama utafiti wako una picha, usizipitishe kwa WhatsApp kama picha, maana inazibana na ubora unashuka. Zitume kama hati.

Flashi: virusi na siri

Kuna kirusi ambacho kila steshenari inakifahamu. Unachomeka flashi, folda zako zote zimegeuka njia za mkato, ukibonyeza hazifunguki. Watu hulia. Wengine wanashauriwa waifomati, na hapo ndipo wanapoharibu kabisa. Mara nyingi mafaili hayajafutwa, yamefichwa tu. Usiifomati na usibonyeze hizo njia za mkato. Ipeleke kwenye kompyuta yenye antivirasi iliyosasishwa, ikaguliwe, kisha kwenye dirisha la amri andika hivi, ukibadilisha E iwe herufi ya flashi yako:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Mafaili yatajitokeza tena. Yanakili mahali salama kwanza, ndipo uifomati flashi.

Dawa bora ni kuwa na flashi mbili. Moja iwe ya kuprintia tu, ndani yake kuna PDF unayokwenda kuitoa na hakuna kingine. Ile yenye data isiguse kompyuta ya duka hata siku moja.

Hapa nina sababu kubwa kuliko virusi. Jioni moja nilikuwa nasafisha kompyuta ya dukani. Nikakuta folda ambayo mteja alikuwa ameinakili ili aprinti dodoso, akaiacha. Nilifungua faili la kwanza nijue ni la nani nimrudishie. Lilikuwa ni mahojiano na wanafunzi wa sekondari, majina kamili, shule na kidato. Binti mmoja alikuwa ameeleza kwa nini aliacha shule na nani alihusika. Niliacha kusoma, nikafuta folda yote, nikamwaga na pipa la taka la kompyuta. Lakini ile mashine ilikuwa imewaka tangu asubuhi na watu zaidi ya ishirini walikuwa wamekaa pale kabla yangu.

Mimi nasomea kufundisha watoto wa umri ule. Yule binti alimwamini mtafiti kwa sababu aliambiwa majibu yake ni siri, na huenda hata fomu ya ridhaa ilisainiwa. Siri hiyo ilikaa siku nzima kwenye kompyuta ya steshenari. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na mtafiti anayekusanya majina ya watu hayupo nje yake. Ila hata isingekuwepo sheria, binti yule bado ni mtoto wa mtu.

Basi fanya hivi. Kwenye mahojiano tumia namba badala ya majina, na orodha inayounganisha namba na majina ikae peke yake, mbali na data. Folda lenye data lifunge kwa pasiwedi. Programu ya bure ya 7-Zip inafanya hivyo vizuri. Ukilazimika kufungua barua pepe dukani, fungua dirisha la faragha, kwenye Chrome ni Ctrl+Shift+N, na ukimaliza toka kwenye akaunti kisha ulifunge. Kama uliunganisha WhatsApp kwenye kompyuta ya watu, ingia kwenye simu yako sehemu ya vifaa vilivyounganishwa, uikate. Na kabla hujaondoka, mwambie muuzaji afute faili lako mbele yako. Hatukasiriki.

Vya bure ambavyo hatuvitumii

Watu wananunua bando kushusha makala ambazo chuo kimeshazilipia au kinazipata bure. Anzia maktaba. Muulize mkutubi kuhusu Research4Life, mpango wa kimataifa unaofungulia taasisi za nchi kama yetu majarida ya kulipia. Una sehemu tano: Hinari ya afya, AGORA ya kilimo, OARE ya mazingira, ARDI ya teknolojia na ubunifu, na GOALI ya sheria. Unaingilia kupitia taasisi, ndiyo maana mkutubi ndiye mtu wa kumuona.

Kwa intaneti, uliza kitengo cha TEHAMA kama chuo kipo kwenye eduroam. Ukiwa na akaunti ya eduroam, waifai inakupokea ukiwa kwenye chuo chochote kingine kilichojiunga, hapa au nje, kwa akaunti ileile ya chuo chako. Kwa mtu anayekwenda kukusanya data au kuhudhuria kongamano Nairobi au Kampala, hiyo siyo kitu kidogo.

Marejeo usiyaandike kwa mkono. Zotero ni ya bure, inapanga marejeo kwa mtindo unaoutaka na kuyaingiza kwenye Word. Msimamizi akisema badilisha mtindo mzima, ni kubofya tu, siyo kukesha wiki.

Kwenye takwimu, naona flashi nyingi zina SPSS ya kuvunjwa kufuli, na hizo ndizo zinazoleta virusi kwa wingi. R ni ya bure kabisa. Ilianzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman wa Chuo Kikuu cha Auckland, na leo inatumika dunia nzima. Ukiona R ina mistari mingi ya kuandika, jaribu PSPP, nayo ya bure, sura yake inafanana na SPSS. Kwa madodoso, KoboToolbox inajazwa kwenye simu hata kijijini pasipo mtandao, kisha unatuma ukifika penye mtandao. Unaokoa hela ya kuprinti madodoso na siku za kuingiza majibu kwa mkono.

Nakala tatu

Laptopu inaibwa, flashi inafua na nguo. Weka nakala tatu za kazi yako: moja kwenye laptopu, moja kwenye diski au flashi inayokaa chumba kingine, moja mtandaoni. Faili liandike kwa tarehe, mfano Sura3_2025-03-14. Ukiandika "mwisho", kesho utaandika "mwisho kabisa", na keshokutwa hutajua msimamizi alisahihisha lipi. Nimeshaprinti tasnifu isiyo yenyewe kwa sababu hiyo. Mwenyewe alikuja kugundua baada ya jalada kukauka.

Ombi kwa serikali yetu ya wanafunzi

Tunaomba mambo mengi kila mwaka, mengine makubwa mno. Hili ni dogo. Tuombe maktaba itenge kompyuta mbili za kuprintia, zenye antivirasi na zinazojifuta kila zikizimwa, na karatasi moja ukutani yenye vipimo vya pambizo vya kurugenzi. Ndiyo, steshenari yetu itapoteza wateja kidogo. Mimi nitavumilia.

Kwa sasa, usikabidhi na kuprinti siku moja. Printi siku mbili kabla. Toa nakala moja kwanza, ikague ukurasa kwa ukurasa ukiwa umekaa, ndipo utoe nyingine. Jalada gumu nalo linahitaji muda wa gundi kukauka, hakuna wa kuliharakisha hata ukilia. Na Ijumaa ukija saa nane na nusu, tutakuhudumia kama tulivyomhudumia yule dada, ila kufuli la ofisi siyo letu.